Maswali ya Wasomaji: Midomo Haifuati Wimbo

SWALI: Ndugu wataalamu, hamjambo? Naongoza vichupa (video za nyimbo) vya wasanii chipukizi. Nikirekodi fremu 50 (picha 50 kwa sekunde) ili picha iende taratibu, msanii anaonekana ameachwa na wimbo. Nakosea wapi? Pia, nimdaije msanii aliyetanguliza nusu ya malipo akakaa kimya?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Kamera haina kosa, kasoro iko kwenye spika. Sekunde moja ya fremu 50 ukiichezesha kwa 25 inakuwa sekunde mbili, na midomo inavutika nayo. Basi lokesheni wimbo upigwe kwa kasi maradufu: wa dakika 3 na sekunde 30 uishe kwa dakika 1 na sekunde 45. Uandae mapema kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti. Badili tempo (kasi bila kugusa mlio), na kwenye asilimia andika 100 (ni nyongeza, usiandike 200). Ukibadili spidi, sauti nayo inapanda, inakuwa ya katuni, na msanii atacheka badala ya kuimba. Tanguliza milio mitatu mifupi ya kukusaidia kulinganisha sauti na picha wakati wa kuhariri.

Angalia na modi ya kamera. Nyingi zikiwekwa kwenye mwendo wa taratibu hazirekodi sauti kabisa. Tumia fremu 50 za kawaida, kisha punguza kasi hadi asilimia 50 wakati wa kuhariri. Spika ikiwa kwa msanii na kamera iko mita 7 nyuma, sauti ya kamera inachelewa fremu moja. Mita 20 ni fremu tatu, na hizo zinaonekana. Mwisho wa yote fuata midomo, hasa herufi m, b na p, ambapo inafunga.

Anayechana mistari ya haraka hataiweza kasi hiyo. Mrekodi kwa fremu 30, wimbo uende asilimia 120 ya kasi yake ya kawaida (kwenye Audacity andika 20), na ule mwendo mzito uuachie kiitikio. Chini ya taa za tyubu weka shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya sekunde 1/100, kwa kuwa umeme wetu ni hezi 50. Ukiweka 1/120 picha inapepesa.

Kuhusu deni: mpe nakala ya ubora wa chini yenye jina lako katikati ya picha, faili kamili lisubiri salio. Kama ulishalikabidhi, umebaki na kumbembeleza tu. Safari ijayo chukua asilimia 70 kabla ya kurekodi, maana taa, usafiri na chakula vinalipwa siku hiyohiyo, na muandikiane kuwa marekebisho ni mara mbili, ya tatu yana bei yake.