Mwanangu, umeniuliza kuhusu pazia

Mwanangu Mwanaidi,

Baada ya salamu, sisi huku hatujambo. Mama yako goti tu linamsumbua mvua zikikaribia. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili naye asikie. Umeuliza swali fupi: "Baba, ukiwekwa nyuma ya pazia la Rawls, ungechagua kanuni gani ya kugawa?" Ukaongeza kwamba ni kwa ajili ya insha tu. Haya. Kama ni insha tu, mbona wiki hiyo hiyo kaka yako Bakari alinipigia simu kuulizia shamba la Pongwe? Lakini tuanze na insha.

Kitabu cha huyo Rawls, mwanafalsafa wa Marekani, ulichoniachia nakisoma polepole, kamusi pembeni. Nimekielewa hivi. Watu wakutane kupanga kanuni za nchi yao, lakini kila mmoja awe hajui yeye ni nani, ndilo pazia lenyewe: tajiri au fukara, mwepesi wa akili au mzito, wa dini hii au ile. Asiyejua ataangukia wapi hatapanga kumkandamiza wa chini, maana huenda wa chini ni yeye. Ndipo Rawls anafikia kusema kwamba mmoja anaweza kupata zaidi ya mwingine, mradi ziada hiyo imfae yule mwenye kidogo kuliko wote. Ametoa na mfano wa keki: anayekata achukue kipande cha mwisho, utaona vipande vitakavyolingana. Hapo nilicheka peke yangu barazani. Bibi yako, mama yangu mimi, hakuwahi kushika kalamu, lakini alikuwa akituzungusha kwenye sinia na kutuambia: anayegawa ashike cha mwisho. Chuoni Harvard walikipata kitabuni mwaka 1971, sisi tulishakipata kwa mwiko.

Basi ningekujibu kwa maneno hayo manne ya bibi yako nikafunga bahasha. Tatizo ni kwamba mimi niliwahi kugawa, na cha mwisho nilikishika.

Huko Edinburgh uliko ndiko kwao mwanafalsafa David Hume. Ulituletea picha ya sanamu yake, dole gumba la mguu linang'aa kwa kushikwashikwa na wanafunzi wanaotafuta bahati. Mzee huyo aliandika mwaka 1751 kwamba vitu vingekuwa tele kama hewa, asingekuwepo mtu wa kusema hiki changu, hiki chako. Na njaa ikifikia kuua, watu wakavunja ghala, nani atasimama kuwaita wezi? Kwa hiyo haki ina mahali pake katikati, penye uhaba usiofikia kufisha. Niliposoma hayo nilinusa sukari.

Habari za 1983 mnazijua, hatuchoki kuwasimulia: vita vya Kagera vimetukausha, sabuni kwa foleni, unga wa njano tuliouita wa Yanga. Nilikuwa balozi wa nyumba kumi, kijana wa kujiamini sana. Nyumba kumi ni jina tu. Nyumba zetu za vyumba sita, korido katikati, nyumba moja kaya mbili au tatu, kila moja na mlango wake. Ukihesabu unapata kaya 23. Siku hiyo tukaletewa sukari kilo 20. Nikatoa meza nje, nikachukua kikombe cha bati, nikatangaza: kila kaya vikombe vinne, hakuna cha mjomba wala shemeji. Watu wakanyamaza. Ule ukimya ulinipendeza, nakiri.

Fundi viatu wa nyumba ya tatu, anayeishi peke yake na redio, vikombe vinne. Akafika yule bibi wa nyumba ya saba, mjane, analea wajukuu tisa. Akatazama kikombe, akanitazama mimi. "Mwanangu, kwangu tuko kumi." Nikamjibu, na jibu hili linanichoma mpaka leo: "Bibi, kaya ni kaya." Nikamjazia vinne. Akashukuru, na shukrani ile ilinichoma zaidi kuliko kama angenitukana.

Unaona kosa lilipoanzia? Ningekuwa mwanafunzi wa Bentham (mwanafalsafa Mwingereza, yule aliyeagiza mifupa yake ivishwe nguo, sasa amekaa ndani ya kabati chuoni London na kichwa cha nta) nisingehesabu milango. Mill, mfuasi wake, anamnasibishia kauli kwamba kila mtu ahesabiwe mmoja, asizidi mmoja. Kwa hesabu hiyo bibi alistahili mafungu kumi na fundi fungu moja. Haki tupu! Lakini nami nikajiambia, na bado najiambia: ningetangaza kugawa kwa vichwa, kesho yake mtaa mzima ungejaa watoto hewa, kila mtu na mpwa aliyefika jana usiku kutoka Handeni. Kwa nini kanuni ngumu hupendwa na viongozi? Kwa sababu hailazimu kumtazama mtu usoni. Hilo sikuliona siku ile. Niliona tu kwamba nilikuwa na haki, na kwamba tumbo limenikaza.

Ikafika zamu ya kaya ya 23, yetu. Nikakwangua gunia, vikapatikana vinne kasoro. Anayegawa ashike cha mwisho, nimekishika. Kisha bila kuingia ndani nikavichukua hivyo hivyo, nikavuka njia, nikammiminia yule bibi. Mtaa ukaona. Mpaka leo wazee wa pale wakinikuta msikitini wananisimulia mimi mwenyewe habari ile, jinsi balozi alivyogawa hata cha kwake.

Bakari alikuwa na siku tisa. Mama yako alikuwa ndani, mzazi, anasubiri uji.

Hakupiga kelele, unamjua. Alisikiliza nilivyoeleza uadilifu wangu wote, akauliza neno moja: "Umegawa cha nani?"

Miaka mingi nilidhani lile lilikuwa swali la hasira ya mzazi. Sasa umenitumia kurasa za yule mama wa New Zealand, Susan Moller Okin, za mwaka 1989, anamhoji Rawls: hao uliowaweka nyuma ya pazia mbona umewafikiria kama vichwa vya familia? Ukimchukua mkuu wa kaya akawasemea wote, nani atauliza kama ndani ya kaya kwenyewe kuna haki? Nikampelekea mama yako jikoni, nikamtafsiria. Akasema, "Amechelewa." Miaka sita, Mwanaidi! Mama yako alimtangulia kwa miaka sita, akiwa na kitoto kifuani. Nilihesabu kaya 22 za wenzangu kwa haki, na ya 23 nikaihesabu kuwa ni mimi.

Na isidhaniwe kwamba hatukuwa na pa kujifunzia. Mwalimu Nyerere akiwa kijana Makerere alimsoma Mill juu ya kutiishwa kwa wanawake, akaandika insha akiyatumia mawazo hayo kwa Wazanaki, watu wake mwenyewe. Mimi nilikuwa na picha ya Mwalimu ukutani, juu ya meza ile ile niliyoitoa nje kugawia sukari. Kant, mwanafalsafa Mjerumani, naye angeniweka pabaya: usimtumie mtu kama njia tu ya kupatia jambo lako. Sifa zangu za mtaani nimezinunua kwa uji wa mke wangu.

Lakini ngoja, maana najua utaandika "baba amejihukumu" ukaendelea na aya nyingine. Sijajihukumu. Yule bibi alikuwa na watoto tisa na kikombe kisichotosha, sisi tulikuwa watatu, mmoja ananyonya. Kwa kipimo cha Rawls mwenye kidogo kabisa alikuwa bibi. Nilichompa kilistahili kwenda kwake. Ni kwamba sikuomba. Au ningeomba nikakataliwa, ningefanyaje? Hapo ndipo ninapokwama kila mara.

Halafu kuna sehemu ya pili, ambayo huwa tunaisimulia kwa kicheko tu. Siku ya pili, saa kumi jioni, harufu ya nazi na iliki ikatanda korido zote. Bibi hakuwapikia wajukuu uji wala chai. Alipika kashata! Akaziweka kwenye ungo mlangoni, akauza. Fundi viatu akanunua nne. Majirani wote niliowagawia sawasawa wakatoa senti zao mmoja mmoja, kwa hiari yao, na mpaka magharibi ugawaji wangu ulikuwa umevurugika wote: fedha za mtaa ziko kwa bibi, kashata ziko matumboni. Ndipo alipopata jina lile mnalomwita.

Robert Nozick, aliyefundisha Harvard pamoja na Rawls, amelisema jambo hilo hilo katika kitabu chake cha 1974, ila yeye kampata mcheza mpira wa kikapu, Wilt Chamberlain: kila mtazamaji anatumbukiza senti 25 kwa hiari, watu milioni moja, mchezaji anatajirika, usawa umekwisha, sasa utamnyang'anya kwa kosa gani? Nilikuwa na la kufanya, maana mwaka ule ndio wa msako wa wahujumu uchumi, na sukari ya mgao haikutolewa ili iuzwe. Balozi anapaswa kuripoti. Balozi alikula mbili. Kwa fedha zile wajukuu wawili walipata madaftari, mmoja wao leo ni muuguzi, unamfahamu.

Nikamwambia mama yako, umeona, sukari yetu haikupotea. Akasema hajapata kusema kwamba ilipotea.

Kitu kimoja kuhusu huyo Rawls, halafu nikuache. Waliomwandika wanasema alipokuwa mtoto kule Baltimore aliugua dondakoo, mwaka 1928, mdogo wake akaambukizwa akafa. Mwaka uliofuata akaugua kichomi, mdogo wake mwingine akaambukizwa, naye akafa. Yeye akapona mara zote mbili. Sijui kama kitabu kilitoka huko, wasomi wataamua, lakini mtu wa namna hiyo sishangai akiandika maisha yake yote kwamba hakuna anayestahili bahati aliyozaliwa nayo. Tangu nijue habari hiyo namsoma kwa upole zaidi, hata anaponichosha.

Sasa Pongwe. Mirathi ina hesabu zake na si mimi niliyezipanga. Nikiwa hai ni hiba, na hiba ni yangu kuamua. Nilitaka kuandika "yangu", nikakumbuka swali la mama yako, maana nusu ya minazi ile kaipanda yeye wakati mimi nasahihisha madaftari. Nina maoni, tena nina maoni makali, hasa kuhusu yule anayetaka upande wa barabarani. Siyaandiki. Anayegawa ashike cha mwisho, nilisema hivyo na nitasema tena, lakini safari hii hata kikombe sijakishika, kiko kwa mama yako. Mwandikieni yeye.

Ameniita sasa hivi kutoka jikoni kuuliza kama habari ya kashata nimeiandika. Nimemwambia nimeiandika. Anasema basi niongeze kwamba zile mbili nilizokula alinunua yeye, kwa fedha zake za ukili.

Ni mimi baba yako.