Kaiti kabla ya ubao: kuvuka mawimbi yanayovunjika ufukweni

Katika mchezo wa kuteleza majini juu ya ubao ukivutwa na kaiti, yaani tanga linalorushwa angani kwa kamba, kwenye ufuko wa upepo mkali na mawimbi mazito balaa nyingi hutokea katika ukanda wa mita 30 au 40 ambapo wimbi linavunjika. Ukishautoka huo, kazi inakuwa nyepesi.

Kwanza, upepo unaelekea wapi? Ukitoka nchi kavu kwenda baharini, kunja vifaa urudi nyumbani. Mchangani utauona mwepesi, kumbe nje unazidi, na kamba ikikatika unapelekwa mbali na ufuko. Ukivuma moja kwa moja kutoka baharini, wewe na kaiti mtabandikwa mchangani. Unaofaa ni unaopita sambamba na ufuko, ukiegemea kidogo nchi kavu.

Mtu wa kilo 75 kwenye upepo wa kilomita 37 hadi 45 kwa saa hutosheka na kaiti ya mita za mraba 9. Akitumia ubao wa mawimbi, hata 8. Usidharau nyongeza ndogo ya upepo. Nguvu hukua kwa mraba wa kasi, hivyo upepo ukipanda kutoka kilomita 30 hadi 42 kwa saa, mvuto unakaribia kuwa maradufu. Ukingo wa mbele wa kaiti, ulio kama bomba, ujazwe hewa hadi kipimo alichoandika mtengenezaji, mara nyingi paundi 6 hadi 8 kwa inchi ya mraba. Ukingo laini hujikunja ukipigwa na maji, na kaiti iliyojikunja haipai. Kisha fyatua kwa mkono kifyatulio cha dharura, kile kinachoiondolea kaiti nguvu, ukifunge tena. Chembe chache za mchanga zinatosha kukikwamisha, na hilo ni heri uligundue ungali nchi kavu.

Wakati wa kuirusha kaiti, upande wa demani, yaani unakoelekea upepo, uwe wazi kwa mita 50 hivi, yaani urefu wa kamba mara mbili. Irushe upande wa bahari na uiweke chini, nyuzi 45 hivi kutoka usawa wa maji. Wengi huipandisha utosini wakidhani ndipo penye usalama, ila upepo ukivuma kwa ghafla hapo unanyanyuliwa juu kwa juu.

Sasa simama uhesabu. Mawimbi huja kwa makundi, na baada ya makubwa kadhaa hufuata utulivu mfupi. Ingia hapo, maji yafike kiunoni, ubao ukiwa ubavuni na ncha yake ikilielekea wimbi. Kamwe ubao usikae kati yako na wimbi, utakupiga kifuani au usoni. Vivyo hivyo usijifunge ubao mguuni kwa kamba ya kunyumbulika: kaiti ikikuvuta, ubao unabaki nyuma, kamba inatanuka, kisha unarudi kwa kasi kichwani.

Ukishapanda, lenga bega la wimbi, pale ambapo halijavunjika. Punguza mwendo, kunja magoti, na kaiti iwe juu kiasi ili ikuinue kilele kinapopita chini yako. Ukiona linakuvunjikia usoni, achia ubao, pandisha kaiti, nayo ikuvute juu ya mgongo wa wimbi. Ubao utaletwa ufukweni na povu. Kaiti iliyolowa katikati ya mawimbi haina huruma hiyo.

Kulipanda wimbi kuna mtego wake. Ukiteleza kuelekea kaiti, kamba hulegea, na mkono wenyewe unataka kuvuta mpini, ile fimbo ya kuiongozea kaiti. Ukivuta, kaiti inarudi nyuma na kuanguka. Sukuma mpini mbali nawe, acha kaiti ielee na upepo, kisha kata kona kurudi joshini, yaani upande unakotoka upepo, mpaka kamba zikaze.

Ikianguka majini, una sekunde chache kabla ya wimbi linalofuata. Vuta kamba moja ya pembeni, kaiti itambae hadi pembeni mwa eneo inamoweza kuruka, ipae. Wimbi likiwahi, kitambaa hujaa maji kama gunia na mbavu zinaweza kupasuka. Hapo fyatua, kaiti ibaki ikishikiliwa na kamba moja ya usalama. Usizishike kamba kwa vidole wala kujizungushia mkononi, na kaa joshini mwa kamba zote. Kisu cha ndoano cha kukatia kamba kiwe kwenye mkanda wa kiunoni, mahali mikono yote miwili inafika.

Ndani ya ukanda wa mawimbi usijaribu kukunja kamba, acha povu likusukume ufukweni. Huko nje ndiko kwa kukunja: baada ya kufyatua, zungusha kwanza ile kamba ya usalama kwenye mpini mpaka kaiti ipoteze nguvu kabisa, ndipo uzungushe zilizobaki na kuzifunga. Ukizizungusha zote pamoja tangu mwanzo, kaiti inaweza kushika upepo tena huku kamba ziko mikononi mwako. Ukiifikia kaiti, shika ncha zake, iwe tanga lako la kurudi.