Kutembea Chalbi kwa gari: mwenzako si abiria

Watu wanaoniuliza kuhusu jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, huanza na gari. Gari gani, tairi gani, dizeli kiasi gani. Mimi huwarudishia swali: unaenda na nani? Ukikwama katikati ya Chalbi hakuna mpita njia wa kukusukuma, na mtandao wa simu ukishatoka kijijini hauutegemei. Unabaki na yule aliyeketi kiti cha kushoto. Kama ni mtu wa kulala na kupiga picha tu, utakuwa umekwenda peke yako.

Siku ninayoizungumzia ni hii: unalala kijiji cha Kalacha, unaondoka alfajiri, unavuka ukingo wa Chalbi hadi mji mdogo wa North Horr, unarudi kabla ya giza. Kutoka Marsabit unapita Bubisa, kisha Maikona, ndipo Kalacha, na kipande hicho kipe siku yake. Mawe meusi ya volkano baada ya Bubisa hukata tairi ubavuni, mahali ambapo hakuna kiraka kinachoshika, kwa hiyo beba tairi mbili za akiba.

Mimi huenda na shemeji yangu. Si fundi wa magari, na ramani alijifunzia huko huko. Ninachompendea ni kwamba akiona jambo haliko sawa hanyamazi kwa heshima. Tuna makubaliano moja: yeyote akisema "simama", gari linasimama kwanza, maswali baadaye. Hata kama mwenye usukani ameendesha miaka mingi, hata kama mwenzake ni mdogo kwake. Kubalianeni hivyo kabla hamjawasha gari, maana mkiwa kwenye kasi na joto, kila mtu ana jibu lake.

Siku moja tulikuwa tunakwenda vizuri juu ya ardhi nyeupe, ngumu, tambarare kabisa, ile inayokushawishi ukanyage mafuta. Akaniambia, "Shemeji, simama. Hapo mbele rangi imebadilika." Mimi sikuwa nimeona kitu. Akashuka, akatembea hatua kadhaa, akakanyaga kwa kisigino. Gamba la chumvi, unene wa kidole hivi, likapasuka, na kisigino kikatoka na tope jeusi linalonata. Juu kavu, chini uji. Tulirudi nyuma kwa kufuata alama za tairi zetu wenyewe, tukazunguka mbali.

Tope hilo lina sababu. Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale. Takriban miaka 10,000 iliyopita, Afrika ilipokuwa na mvua nyingi zaidi, hapa palikuwa na maji, na ukichuchumaa kwenye kingo zake za zamani unaweza kuokota makombe madogo ya konokono wa majini. Bonde lile bado ni bakuli: maji ya mlima Kulal, ya vilima vya Huri na ya mlima Marsabit huteremkia humo, na yakifika hayana pa kutokea. Yanakauka na kuacha chumvi. Kwa hiyo usiangalie mawingu yaliyo juu ya kichwa chako tu. Mvua inaweza kunyesha mlimani, wewe uko juani, na ardhi unayoikusudia ikawa imelowa. Msimu wa mvua za Machi hadi Mei, na zile za Oktoba hadi Desemba, waulize wenyeji kama njia imekauka, na wakisema bado, kubali. Lori zenyewe hukwama humo siku kadhaa.

Kazi ya mwenzako, basi, ni macho. Rangi nyeupe au ya kijivu iliyopasuka vigae kwa kawaida inabeba gari. Rangi ya kahawia inayong'aa kidogo, hapana. Palipo na shaka mtu ashuke akanyage. Na fuateni njia zilizokwishapitwa, kwa sababu kubuni njia mpya kunaleta hatari, na alama za tairi huichafua sura ya mahali pale kwa muda mrefu.

Mchanga ni habari nyingine, na utaupata ukikaribia North Horr, kwenye vilima vya mchanga. Hapo punguza upepo wa tairi. Kama kawaida unajaza PSI 35, shuka hadi 20 hivi, na kwenye mchanga laini sana unaweza kufika 15, ila usikate kona kwa nguvu, tairi itatoka kwenye ringi. Tairi iliyolegea hutanuka, uzito ukaenea, gari likaelea juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Washa fo-bai-fo kabla ya kuingia; ukisubiri uanze kuzama umechelewa. Ukitaka kusimama, usikanyage breki. Achia mafuta gari lisimame lenyewe, ikiwezekana pua ikitazama mteremko.

Ukihisi gari linazama, acha mafuta papo hapo. Hili ndilo gumu zaidi kwa madereva, mguu unataka kukanyaga zaidi, na kila mzunguko wa gurudumu unakushusha mpaka chesi ilale chini. Shukeni wote wawili. Mmoja achimbe mbele ya magurudumu kwa beleshi, mwingine atandike vibao au mazulia ya gari. Punguzeni upepo tena kidogo, kisha jaribuni kurudi nyuma kwa njia mliyojia, kwani mchanga huo umeshashindiliwa. Kama kuna gari la pili la kuwavuta, kamba ifungwe kwenye ndoano iliyoshikana na chesi. Kamwe isifungwe kwenye kile kichwa cha mviringo cha kuvutia trela, kwa sababu kikikatika kinaruka na kinaweza kuua. Wakati wa kuvuta, asiyeendesha asimame mbali, si karibu na kamba.

Maji, mimi huhesabu lita tano za kunywa kwa kila mtu kwa siku, halafu nazidisha mara mbili kwa ajili ya dharura, halafu naongeza mtungi wa rejeta na wa mtu mwingine. Wa mtu mwingine kwa sababu utakutana na mchungaji aliyeondoka mbali na kisima, naye akiinua mkono anaomba maji, si lifti. Mpe. Gari likikataa kabisa, kaeni kwenye kivuli chake. Mtu anayetembea juani humaliza maji upesi na ni vigumu kumwona, gari linaonekana.

Waambie wenyeji wako Kalacha unakwenda wapi na utarudi saa ngapi. Ulizia hali ya usalama kituo cha polisi, kwa sababu eneo hilo hupatwa na migogoro ya mifugo na habari za wiki jana haziwezi kukusaidia leo. Ukiweza, chukua mzee au kijana wa Kigabra, wafugaji wa eneo hilo, akuongoze na umlipe vizuri. Yeye anajua ardhi ilivyo mwezi huu, jambo ambalo ramani ya simu haijui.

Sasa raha yenyewe. Ondokeni kama saa kumi na mbili asubuhi. North Horr iko magharibi ya Kalacha, kwa hiyo asubuhi jua liko mgongoni, na alasiri mkirudi liko mgongoni tena. Mlima Kulal unausogelea upande wa kushoto, na vilima vya Huri vinabaki nyuma kulia. Hivyo viwili vinatosha kukuonyesha mahali ulipo hewa ikiwa safi. Kuanzia saa nne mazigazi huanza. Mikoche huning'inia hewani bila shina, mbuni mmoja anaonekana kama yuko juu ya maji. Zimeni injini mkae tu. Mara nyingi choroa, akiwepo, huonekana ukiwa umetulia.

Mkikuta ngamia njiani, punguza, zima muziki, usipige honi. Kundi likitawanyika, ni mtoto wa mtu atakayelikimbilia kwenye joto hilo. Visimani kuna zamu, na zamu hiyo ni maisha ya watu. Usioshe gari wala mikono kwenye chemchemi ya Kalacha, na usipige picha kabla hujasalimia na kuomba.

Saa sita hadi saa tisa pumzikeni kivulini North Horr. Mwanga wa mchana hufuta mabonde, mashimo huyaoni mpaka umo ndani, na dereva aliyechoka na joto huamua vibaya. Hapo ndipo huwa tunabadilishana usukani, hata kama aliyeendesha asubuhi anasema bado ana nguvu. Kisha mnatoka mapema, mkiwa na nafasi ya kukwama mara moja na bado mkafika kabla ya jua kuzama. Mkirudi Kalacha jazeni tairi upepo jioni hiyo hiyo kwa pampu yenu, maana kesho yake mnakutana tena na yale mawe ya Bubisa, na tairi laini haiyawezi.