Ubongo ukivimba baada ya mionzi: kwa muuguzi anayeanza

Neno litakalokutatiza mapema wodini ni "uvimbe". Kwetu linabeba mambo mawili: uvimbe wenyewe uliopigwa mionzi, na kule kuvimba kwa ubongo kunakoweza kufuata. Niliwahi kumwambia binti wa mgonjwa, "Ubongo wa mama una uvimbe kidogo," nikimaanisha maji. Akakaa sakafuni akalia, maana alichosikia ni kwamba ugonjwa umerudi. Tangu siku ile nasema "ubongo umejaa maji", na palepale naongeza kwamba huo si uvimbe mpya.

Maji hayo hutoka kwenye mishipa midogo ya damu. Mionzi huzidhuru kuta zake, zikaanza kuvuja, na kwa kuwa fuvu halitanuki, shinikizo la ndani hupanda. Hali hiyo yaweza kuanza siku za mwanzo za matibabu, au miezi michache baada ya kumaliza. Nyama ya ubongo iliyokufa kwa mionzi nayo mara nyingi hujitokeza kati ya miezi 6 na miaka 2, familia ikiwa imeshapumua. Kwa hiyo mgonjwa akirudi hata baada ya mwaka, ulizia mionzi.

Muulize kichwa kinamuuma saa ngapi. Kile cha alfajiri, kinachoambatana na kutapika na kupungua akishainuka, hunitia wasiwasi zaidi. Tazama pia usingizi usio wa kawaida, au kikombe kinachomponyoka mkono uleule kila mara. Akipata degedege au ikawa vigumu kumwamsha, ita daktari hapohapo na uinue kichwa cha kitanda nyuzi 30.

Dawa yetu kuu ya kupunguza maji hayo ni deksamethasoni, inayotumika kwa kazi hii tangu miaka ya 1960. Nafuu huonekana ndani ya siku moja au mbili. Kwa kawaida humezwa asubuhi na mchana, baada ya kula. Ya jioni humfanya akeshe. Kwa kuwa dawa hii ina madhara yake, mpime sukari hata kama hana kisukari, chungulia mdomoni kama kuna utando mweupe, na mwangalie anavyoinuka kitini. Akianza kujisukuma kwa mikono, misuli ya mapaja imeanza kudhoofika. Liandike hilo kwenye faili, kwani wengi huliacha.

Kinachonisumbua kuliko yote ni mgonjwa aliyepata nafuu akaacha vidonge mwenyewe. Tezi zake za juu ya figo, zinazotengeneza homoni inayofanana na dawa hii, zimezoea kulala. Dawa ikikatika ghafla huishiwa nguvu, presha ya damu ikashuka, na ubongo waweza kuvimba tena. Dozi hupunguzwa kidogo kidogo. Mimi humwandikia tarehe na idadi ya vidonge kwenye karatasi, kisha namwomba anisomee kwa sauti.

Na picha ya ubongo ya MRI ya miezi 3 ya kwanza baada ya mionzi isikuharakishe. Yaweza kuonyesha doa limekua, kumbe ni athari ya mionzi tu, hivyo mara nyingi picha hurudiwa wiki kadhaa baadaye. Ndugu wakikuuliza, "Ugonjwa umerudi?", mwite daktari aliyeisoma, nawe ubaki pale wakielezwa.