Swali la lugha: "Injini ya upepo" ni kitu gani hasa?

SWALI: Ninafanya kazi kwa wakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Mteja wetu wa eneo la Gerezani ameagiza vifaa kutoka nje, na anataka orodha ya Kiswahili kwa ajili ya mtunza ghala na mafundi wake. Mwenzangu ameandika hivi: "Injini za upepo 6, injini za maji 4, jeki za tipa 2 na injini za viwanda nyingine." Naona kuna kasoro lakini sijui nirekebishe vipi. Halafu ni haidroliki, hidroliki au haidroli?

JIBU: Shaka yako ina msingi. Kila kipande cha mstari huo kinaweza kumpeleka msomaji kwenye bidhaa nyingine kabisa, na kibaya kuliko vyote ni "upepo".

Gereji za jijini huita hewa iliyoshindiliwa upepo. Tairi hujazwa upepo, lori lina breki za upepo. Katika mazungumzo hakuna anayepotea, wala sioni sababu ya kumsahihisha fundi. Kwenye karatasi ya biashara mambo hubadilika, kwa sababu mashine inayozungushwa na upepo unaovuma nayo ipo, inauzwa duniani, na ina nambari yake. Katika HS, mfumo wa Shirika la Forodha Duniani wa kupanga bidhaa kwa nambari, ambao ndio msingi wa kitabu cha ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, fungu la 8412 linabeba injini na mota ambazo hazikupata nafasi kwenye mafungu mengine. Ndani yake, 8412.31 ni vifaa vya hewa vinavyosukuma kwa mstari ulionyooka, na 8412.39 ni vya hewa vinginevyo, hasa vinavyozunguka. Kinu cha upepo unaovuma kinaangukia 8412.80. Kikiwa kimeunganishwa na jenereta kuwa seti moja ya kufua umeme, hutoka kabisa kwenye fungu hilo na kwenda 8502.31. Ile mashine ya mkononi ya kufungulia nati za magurudumu, ambayo nayo huitwa ya upepo, iko 8467.

Kwa hiyo "injini za upepo 6" inasomeka kwa namna nne. Andika "mota za hewa iliyoshindiliwa". Kitenzi kushindilia kimeshazoeleka katika jina la gesi asilia iliyoshindiliwa ya kwenye magari, hivyo hutakuwa unamletea mtu msamiati mgeni. "Mota za nyumatiki" ni sahihi pia, ila mtunza ghala ataelewa "hewa" upesi zaidi.

"Injini za maji" ina tatizo la aina hiyohiyo. Wengi wakiisikia watafikiria pampu ya petroli ya kuvutia maji kisimani, na hiyo ni 8413. Mitambo inayozungushwa na nguvu ya maji, kama ile 9 ya Bwawa la Julius Nyerere yenye uwezo wa megawati 235 kila mmoja, iko 8410. Kwa kuwa unauliza tahajia ya haidroliki, nachukulia kuwa vifaa vya mteja wako havitumii maji. Vinatumia mafuta yenye shinikizo, na kama vinazunguka nambari yake ni 8412.29. Viite "mota za haidroliki".

Kwa nini mota na si injini? Katika Kiswahili cha Tanzania, injini imejikita kwenye kitu kinachochoma mafuta ndani yake: ya petroli iko 8407, ya dizeli 8408. Mota hupokea nguvu iliyotengenezwa pengine, iwe umeme, mafuta yenye shinikizo au hewa, na kuigeuza kuwa mzunguko. Ukiandika "injini" kwenye orodha, fundi atauliza inatumia petroli au dizeli, na ana haki ya kuuliza. Lipo jambo moja la kuzingatia: injini za roketi nazo zimo katika 8412, kwenye 8412.10, na hizo zinabaki injini kwa sababu zinachoma.

Hapa niongeze jambo ambalo hukuuliza, maana linaharibu fedha za watu: pampu na mota za haidroliki hufanana. Zote zina umbo la chuma, shafti moja na matundu mawili makubwa. Pampu huzungushwa ili itoe mafuta, lakini mota hupewa mafuta ili izunguke. Pampu nyingi za gia, hasa zinazozunguka upande mmoja, hupeleka mafuta yanayovuja nyuma ya sili ya shafti (kizibo kinachozuia mafuta yasitoke) kwenye tundu la kuvutia, ambako shinikizo ni dogo. Fundi akiifunga pampu ya namna hiyo mahali pa mota na mtambo ukageuza mzunguko, tundu hilo linapata shinikizo kamili na sili inatoka. Mota nyingi zina tundu la tatu dogo la kurudisha mafuta ya uvujaji kwenye tangi. Tundu hilo likizibwa kwa kudhaniwa halina kazi, matokeo ni yaleyale. Ghalani, neno moja kwenye lebo ndilo linalozuia hasara hiyo.

Jeki. Mafundi wa malori huita silinda inayonyanyua bodi la tipa "jeki", na kazi yake kweli ni kunyanyua. Ila jeki kwa maana ya forodha, ile ya kunyanyulia gari, iko fungu la 8425. Silinda ya haidroliki iko 8412.21, na hubaki huko hata ikiwa imetengenezwa kwa ajili ya lori, kwa sababu kanuni za HS haziruhusu mashine yenye fungu lake kuitwa kipuri cha gari. Ushuru husomwa kutoka kwenye nambari, kwa hiyo andika "silinda za haidroliki za tipa". Neno silinda lisiachwe peke yake, maana ipo pia silinda ya ndani ya injini. Silinda ya gesi iite mtungi.

"Injini za viwanda nyingine" haieleweki: je, ni viwanda vingine au injini nyingine? Upatanisho unaonyesha ni injini, lakini msomaji wa haraka atakwama. "Za viwandani" huonyesha mahali zinapotumika, ilhali "za viwanda" huweza kusomeka kuwa ni mali ya viwanda. Na unapomaanisha zilizobaki za jamii hiyo, tumia "nyinginezo". Hata hivyo, kwenye orodha ya ghala "nyinginezo" haisaidii. Taja kila kimoja.

Angalia pia "na" na "kwa". Pampu inaendeshwa na mota, kwa kuwa mota ndiyo mtendaji. Mota inaendeshwa kwa mafuta, kwa kuwa mafuta ni nyenzo.

Mstari wenu, nikichukulia kuwa vya hewa na vya haidroliki ni vya kuzunguka, uwe hivi: "Mota za hewa iliyoshindiliwa, 6, mota za haidroliki, 4, silinda za haidroliki za tipa, 2." Chini ya mota za haidroliki weka ujazo kwa mzunguko mmoja katika sentimita za ujazo, shinikizo katika baa na kipenyo cha shafti. Fundi akiwa na ujazo na shinikizo anakokotoa mwenyewe: baa 150 mara sentimita za ujazo 160, gawanya kwa 62.8, anapata takriban nyutonimita 382 kabla ya kutoa upotevu. Kwa silinda weka kipenyo, urefu wa mwendo, na kama inasukuma upande mmoja au pande mbili. Ya tipa kwa kawaida husukuma upande mmoja na hurudi kwa uzito wa bodi.

Kuhusu tahajia, chagua "haidroliki". Mwisho wake unalingana na otomatiki, elektroniki na nyumatiki, na sauti ya mwanzo ndiyo inayotamkwa gereji. "Haidroli" utaikuta kwenye maandishi ya wengine na si ya kugombana nayo, ila usichanganye mbili ndani ya orodha moja, kwa sababu anayetafuta kwa kompyuta ataona nusu tu ya mzigo.