Maswali ya wasomaji: Siri za Mungu ni za nani?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Kwenye kikundi chetu cha maombi kuna ndugu anayesema siri za Mungu hazisomwi, hufunuliwa kwa wachache tu, na yeye ni mmoja wao. Akiulizwa hujibu kwa 1 Wakorintho 2:9, kwamba jicho halikuona wala sikio halikusikia. Tunyamaze? (Msomaji, Masasi)

JIBU: Amina. Msinyamaze, ila anzeni na Biblia kabla ya kuanza na yeye. Fungueni mstari huohuo wa 9 na msiishie hapo. Wa 10 unasema: "Lakini Mungu ametufunulia sisi kwa Roho." Paulo anataja yale ambayo jicho halikuyaona ili atangaze kwamba sasa yamefunuliwa. Anayekatia kwenye mstari wa 9 anampa Paulo maneno yaliyo kinyume na aliyoyasema.

Shida kubwa iko kwenye neno lenyewe. Kwetu huku Kusini "siri" imeshikana na jando na unyago: mwari akitoka ndani, aliyofundishwa na kungwi hamwambii asiyepitia. Ukiingia na maana hiyo kwenye nyaraka za Paulo utapotea. Neno lake la Kigiriki, mysterion, ni shauri la Mungu ambalo mtu asingelijua kwa akili zake, na ambalo Mungu mwenyewe amelitoa hadharani. Someni Waefeso 3:1-12 kwa sauti, polepole. Mstari wa 6 unaitaja siri bila kuizungusha: watu wa mataifa ni warithi pamoja na Israeli katika Kristo. Mstari wa 4 unamjibu ndugu yenu moja kwa moja: "myasomapo, mtaweza kuutambua ufahamu wangu katika siri yake Kristo." Myasomapo! Na katika 6:19 Paulo, akiwa kifungoni, anaomba aombewe ili aitangaze siri hiyo kwa ujasiri.

Kiswahili kinatusaidia hapa: kufunika, kufunua. Kawa likiondolewa juu ya sinia, wali ulikuwamo tangu awali. Sasa kila aliyekaa mkekani anauona.

Hata hivyo tusimpunje Roho Mtakatifu sehemu yake. 1 Wakorintho 2:14 inasema mtu wa tabia ya asili hayapokei mambo ya Roho. Lakini tazameni Roho anafungua nini. Katika Luka 24:45 Yesu aliyefufuka anafunua akili za wanafunzi wapate kuelewa maandiko, na ni Torati, Manabii na Zaburi zilezile walizozijua tangu utoto.

Na mtu akidai amepewa neno la pekee? Danieli 2 inaonyesha linavyopokelewa. Mfalme Nebukadreza alipotaka aambiwe ndoto yake pamoja na tafsiri yake, Danieli aliomba muda, akarudi kwa wenzake watatu, wakaomba pamoja, akafunuliwa usiku, akamshukuru Mungu kabla ya kwenda kwa mfalme. Mbele ya Nebukadreza akasema si kwa hekima aliyo nayo yeye kuliko wengine (mstari wa 30), kisha akaieleza ndoto yenyewe, sanamu ya kichwa cha dhahabu, ndipo akatoa tafsiri. Mfalme aliijua ndoto yake, kwa hiyo aliweza kumpima. Nanyi mpimeni ndugu yenu hivyo: aseme mbele ya wote, na wengine wapambanue, kama 1 Wakorintho 14:29 inavyoagiza. Akikataa kupimwa, msilichukue neno lake kuwa agizo kwenu.

Yapo ambayo hayajafunuliwa, kama siku na saa ya kurudi kwa Bwana (Marko 13:32). Hayo Kumbukumbu la Torati 29:29 inayaacha kwa Mungu. Yaliyofunuliwa ni yetu na watoto wetu, "ili tuyafanye". Anayewatajia tarehe ameingia pasipo pake.

SWALI: Nifunge siku ngapi ili Mungu anifunulie mapenzi yake? (Msomaji, Nachingwea)

JIBU: Hakuna hesabu iliyowekwa. Danieli aliomboleza majuma matatu kamili katika sura ya 10, lakini katika sura ya 2 kufunga hakutajwi. Petro alimtambua Kristo kule Kaisaria Filipi, na Yesu akasema ni Baba aliyemfunulia (Mathayo 16:17); hapo pia hakuna mfungo uliotajwa. Funga kwa kadiri afya yako inavyoruhusu. Kama unanyonyesha au unatumia dawa, muulize kwanza mganga wa zahanati. Saa ya chakula ulichokiacha, soma Wakolosai 1:24-29, na uandike kwenye daftari jambo moja ambalo mistari hiyo inakutaka ulifanye wiki hii.