Yosefu wawili katika kitabu cha ubatizo

SWALI: Baba wa babu yangu aliitwa Yosefu. Wazee wanasema alibatizwa ukubwani misheni ya Bagamoyo, akamwoa Maria karibu mwaka 1910. Kitabuni nimekuta Josephus wawili, wa 1894 na wa 1897, wote wazazi hawakutajwa. Wetu ni yupi?

JIBU: Ndugu yangu, miaka hiyo iweke kando kwanza. Aliyebatizwa ukubwani, tarehe ya ubatizo haisemi alizaliwa lini, na umri ukiandikwa huwa ni makisio ya padre.

Rudi kwenye kurasa zilezile usome pambizo. Amri ya Kanisa iitwayo Ne Temere, ya 1907, iliyoanza kutumika Pasaka ya 1908, iliagiza ndoa ya mtu iandikwe pia kwenye kitabu alichobatiziwa. Angeoa 1905 ungekuwa na kazi kubwa zaidi. Kwa ndoa ya 1910, tafuta pembeni ya kila Josephus maandishi madogo yenye tarehe, jina la mke na parokia. Hata ukimkuta Maria, usishangilie bado. Akina Maria misheni ni wengi. Fungua kitabu cha ndoa cha parokia hiyo uhakikishe.

Pambizo tupu si ushahidi kwamba hakuoa. Misheni ya Bagamoyo ilianza 1868, na Wakristo wake wengine walikwenda kuanzisha maisha kwenye vituo vya bara, kama Mhonda (1877). Paroko wa huko alitakiwa kutuma taarifa ya ndoa, lakini si kila taarifa ilifika. Ikiwa hivyo, anzia chini: ubatizo wa babu yako, kisha wa ndugu zake, ndipo ndoa ya wazazi wao. Andika majina ya wasimamizi wote, maana mara nyingi walikuwa jamaa au majirani, na wakijirudia wanakuonyesha njia. Pitia na kitabu cha marehemu. Josephus aliyezikwa 1901 amejiondoa mwenyewe.

Waulize wazee jina lake la nyumbani pia. Mapadre wengi wa Bagamoyo walikuwa Wafaransa, kwa hiyo "u" inaweza kuandikwa "ou" na "sh" ikawa "ch". Majina yasome kwa sauti.

Ukimwandikia paroko, usiombe cheti cha ubatizo, kwani huenda kisibebe kila kilichoandikwa. Omba picha ya ukurasa mzima, pambizo ikiwemo.